Pilipili Inayowaka Hadi Kutani

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ameletewa na mkwewe pakiti ya pilipili kavu kutoka Assam, kaskazini mashariki mwa India. Akafanya kama afanyavyo siku zote kwa pilipili mbuzi: akapasua moja, akakung'uta mbegu, akakwangua ule utando mweupe wa katikati, kisha akatia ganda tupu kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Mchuzi haukulika. Anauliza: ikiwa mbegu zote zilikwenda jaani, ukali umetoka wapi?

Pilipili hiyo ni bhut jolokia. Manipur wanaiita umorok, na Nagaland ni raja mircha, yaani mfalme wa pilipili. Mwaka 2007 iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa vipimo 1,001,304 vya Scoville, wakati pilipili mbuzi kwa kawaida hucheza kati ya laki 1 na laki 3 na nusu. Habari za Bwana Wilbur Scoville na kipimo chake cha ukali cha 1912 zimesimuliwa hadi zimechuja, nami naziruka. Shika jambo moja tu: kapsaisini tupu, ile kemikali inayounguza, ina vipimo milioni 16, na hesabu hufanywa kwa pilipili iliyokwisha kukaushwa. Gawanya mwenyewe. Katika gramu 100 za pilipili kavu ya rekodi ile, gramu 6 hivi zilikuwa kapsaisini na jamaa zake.

Sasa tuingie ndani ya tunda. Ule utando mweupe vitabu vya shule vinauita plasenta, neno la wodi ya wazazi ambalo halinipendezi jikoni. Nimejaribu "kitovu", nikaona kinatupeleka kwingine kabisa. Mimi nitauita mbeleko, kwa sababu kazi yake ni kubeba mbegu. Na mbeleko ndiyo inayotengeneza ukali: chembe za ngozi yake hutoa kapsaisini, ikajikusanya katika vifuko vidogo juu yake. Mbegu zenyewe hazitengenezi chochote. Fikiria kanga iliyofukizwa udi, akabebewa mtoto. Mtoto atanukia udi, ingawa hakuna aliyemfukiza. Ukimpakata utasema mtoto huyu ananukia, na ndivyo tunavyozisingizia mbegu. Mpishi anayejua hufungua kanga, akaitoa nje pamoja na mtoto, na chumba kikabaki na harufu kidogo tu. Kwa pilipili nyingi hesabu hiyo ni sahihi. Lakini kuna nyumba ambamo udi haukuishia kwenye kanga: chetezo kimezungushwa kwenye mapazia, mito, chandarua na kuta zote. Hapo toa kanga, toa na mtoto, bado anayeingia ataulizia harusi ni ya nani.

Bhut jolokia ni nyumba ya namna hiyo. Mwaka 2015 Paul Bosland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, Marekani, walieleza kwamba katika pilipili kali mno vifuko vya kapsaisini havikai kwenye mbeleko peke yake. Vimetapakaa pia upande wa ndani wa ganda. Hicho ndicho kinachonifurahisha. Kapsaisini ni ileile iliyomo katika pilipili ya sokoni kwako. Kilichoongezeka ni mahali pa kuiweka. Si kila aina kali imechunguzwa hivyo, lakini ganda alilolitia mama wa Tanga katika mchuzi wake, akiamini ni salama, lilikuwa ghala.

Asili ya pilipili hii inatugusa kidogo. Pilipili zote za jamii hii zilitoka bara la Amerika, zikafika India baada ya Wareno kufika huko. Bhut jolokia ni spishi moja na pilipili mbuzi, ile ambayo mtaalamu wa mimea Jacquin mwaka 1776 aliipachika jina la kisayansi la Uchina, ambako haikutoka. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba imechanganya pia damu na spishi ya pilipili kichaa. Kwa hiyo mkwe amekuletea ndugu wa karibu wa hizo ulizonazo uani, mama.

Wanaga, watu wa Nagaland, huikausha kwa moshi juu ya meko, na moja hutosha chungu kizima cha nyama ya nguruwe na machipukizi ya mianzi. Huitwanga pia pamoja na akhuni, soya iliyochachushwa, ikawa chatne ya kuchovya. Wewe usiipasue. Itie nzima na kikonyo chake, kama pilipili mbuzi inayoelea juu ya mchuzi, uiopoe ladha ikishaingia na kabla haijapasuka. Tui lina mafuta, na kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana ile iliyopasuliwa ilienea hadi kwenye kila kipande cha samaki. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kunywa hayasaidii. Kunywa maziwa au mtindi. Ukitaka kusaga, vaa glavu na usagie nje, maana ganda kavu hufanya vumbi linalopaa hadi machoni. Na kama umefikiria kuikaanga kavu kwanza ili inukie, watoe watoto jikoni, halafu acha kabisa wazo hilo.