Kupima Mbio za Gari: Upepo, Tairi na Roho ya Mtu

Gari jipya likiingia mtaani, vijana huwa na swali moja tu la kumwuliza mwenyewe: "Hili hufika ngapi?" Hawaulizi linakunywa petroli kiasi gani, wala breki zake zikoje. Huchungulia saa ya mwendo, wakaona nambari ya mwisho iliyoandikwa pale ni 220 au 260, wakaondoka wakiamini kwamba gari lile hufika hapo. Ama kwa hakika nambari ile ni rangi tu iliyopakwa juu ya kibati. Kujua gari linafika wapi ni kazi yenye mafundi wake, mahali pake na masharti yake. Kadhalika ni kazi yenye makaburi yake.

Leo, wasomaji, natuitazame kazi hiyo kwa utulivu. Wengi wetu tuna watoto, wadogo zetu au wajomba zetu ambao wamekwisha kuionja barabarani bila ya kuijua, na si wote waliorudi nyumbani wakahadithia.

JAGUAR NA WAGENI WAKE

Mwaka 1948 kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilionyesha mjini London gari la spoti lililoitwa XK120. Nambari 120 ilikuwa ni ahadi: gari hilo litakwenda maili 120 kwa saa, yaani kilomita 193. Wakati huo vita vikuu vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, na Waingereza wakipimiwa petroli kwa kadi. Watu wengi wakaona hayo ni maneno ya dukani.

Basi tarehe 30 Mei, 1949, kampuni ikakodi ndege, ikawapakia waandishi wa magazeti na kuwapeleka Ubelgiji, mahali paitwapo Jabbeke, karibu na Ostend. Hapo palikuwa na barabara pana iliyonyooka kama uzi. Barabara ikafungwa, wapimaji wakakaa na saa zao. Dereva wa majaribio, Ron Sutton, akapita na kurudi. Kioo kikubwa cha mbele kikiwa kimeondolewa ili kupunguza upepo, gari likatoa maili 132.6 kwa saa, yaani kilomita 213. Ahadi ikatimia na ziada juu.

Lakini lililowashangaza wageni zaidi ni lile lililofuata. Sutton alirudi mbele yao pole pole, kilomita kama 16 tu kwa saa, huku giya ikiwa ile ile ya juu kabisa, na injini isikohoe. Wenye kampuni walijua kwamba mwenye akili hanunui mbio peke yake. Hununua gari linalotii.

Mwaka 1953 Jaguar walirudi pale pale. Tarehe 20 Oktoba dereva wao, Norman Dewis, alifunikwa kwa kuba la plastiki lililofungwa juu ya kichwa chake, akaenda kilomita 277 kwa saa. Dewis aliishi hadi mwaka 2019, akafa kitandani akiwa na umri wa miaka 98. Mtu aliyejaribu magari maisha yake yote akafika umri huo hakufikishwa na ushujaa pekee. Hakuwa akienda mahali ambapo hapakutayarishwa.

UPEPO HAUNA MZAHA

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa nguvu ya upepo. Nahodha hung'oa nanga baada ya kutazama mbingu. Walakini wengi hawajui kwamba hata siku iliyotulia, gari hujitengenezea upepo wake wenyewe, na upepo huo ndio adui wa kwanza wa mbio.

Hesabu yake ni hii. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo hukusukuma nyuma mara nne. Na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda si mara mbili wala mara nne, bali ni mara nane. Mathalani, mwaka 2005 gari la Bugatti Veyron, lenye nguvu za farasi 1,001, lilipimwa likaenda kilomita 408 kwa saa. Mwaka 2010 likatoka lingine la aina hiyo, Super Sport, lenye nguvu 1,200, likafika 431. Hebu fikirini: nguvu za farasi 200, ambazo zingetosha kuliendesha gari zima la familia, zilinunua kilomita 23 tu.

Ndiyo maana pia kipimo cha haki hutaka gari lipite njia ile ile mara mbili, kwenda na kurudi, katika muda wa saa moja, kisha hesabu zigawanywe. Anayepima upande mmoja huenda anapima upepo uliomsukuma mgongoni, kama jahazi linaloteremka na kaskazi kisha likajisifu kwa tanga zake.

Upepo wa mbavuni ni mbaya kuliko wa usoni. Tarehe 28 Januari, 1938, huko Ujerumani, madereva wawili mashuhuri walitoka asubuhi kushindania rekodi katika barabara kuu baina ya Frankfurt na Darmstadt. Wa kwanza, Rudolf Caracciola wa Mercedes, alifika kilomita 432 kwa saa. Upepo ukaanza kuamka. Wa pili, Bernd Rosemeyer wa Auto Union, kipenzi cha Wajerumani na baba wa mtoto mchanga, akatoka naye. Mahali ambapo miti ya msitu ilikatika na upepo ukapata mwanya, gari lake lilipigwa ubavuni, likapeperuka, naye akafa hapo hapo. Rekodi ya Caracciola kwa barabara ya umma ilikaa hadi mwaka 2017, gari la Koenigsegg kutoka Uswidi lilipoivunja katika jimbo la Nevada, Marekani, kwa kilomita 447.

Tena upepo hupita chini ya tumbo la gari na kutaka kuliinua. Katika mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1999, magari ya Mercedes yaliruka hewani mbele ya macho ya watu. Moja lilipinduka angani likatua nje ya uwanja miongoni mwa miti. Dereva wake, Peter Dumbreck, alisalimika kwa kudra ya Mungu.

TAIRI NA SAA YAKE

Adui wa pili ni tairi. Tarehe 2 Agosti, 2019, Andy Wallace, Mwingereza aliyeshinda Le Mans mwaka 1988, aliliendesha gari la Bugatti Chiron katika uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien, Ujerumani, wenye njia iliyonyooka kwa karibu kilomita tisa. Alifika kilomita 490 kwa saa, ingawa ni kwa upande mmoja tu, na kwa sababu hiyo wako wasioihesabu kuwa rekodi kamili.

Katika mwendo huo gurudumu huzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Kipande cha mpira chenye uzito wa gramu moja kwenye ukingo wa tairi huvuta kutoka nje kama kwamba kina uzito wa zaidi ya kilo tano. Tairi zile zilitiwa nguvu kwa makusudi, na kabla ya kufungwa zilipigwa picha za eksirei, kama afanyiwavyo mgonjwa, ili waone kama mna ufa ndani. Hata Wallace mwenyewe hakukanyaga hadi mwisho kwa mara moja. Alianza na kilomita 300, akapanda hamsini hamsini, kila mara mafundi wakilitazama gari upya.

Sasa lilinganisheni hilo na tairi kuukuu iliyotiwa viraka, au iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo miaka mingi, mpira umekauka, hewa haijapimwa tangu Ramadhani iliyopita. Mwenye tairi hiyo ndiye anayetaka kujua gari lake linafika ngapi.

JICHO NA BREKI

Adui wa tatu ni binadamu mwenyewe. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, katika sekunde moja hupita mita 14. Likienda 300, hupita mita 83. Sekunde moja ni muda wa mtu kuona, kuelewa na kuupeleka mguu kwenye breki. Hapo breki haijashika bado.

Nazo breki hufuata hesabu ile ile ya kutisha. Mwendo ukizidi mara mbili, njia ya kusimama huzidi mara nne, na ukizidi mara tatu huwa mara tisa. Gari zuri linaloweza kusimama kwa mita 40 kutoka kilomita 100, kutoka 300 litahitaji mita 360, mbali na zile za kufikiri.

Tarehe 17 Agosti, 1966, Ken Miles, dereva hodari aliyelifinyanga gari la Ford lililoshinda Le Mans mwaka ule, alikuwa akijaribu gari jipya la kampuni hiyo katika uwanja wa Riverside, California. Mwisho wa njia ndefu, alipokuwa akipunguza mwendo, gari lilimponyoka, likapinduka na kuvunjika, naye akatupwa nje akafa. Hapakuwa na mshindani wala watazamaji wa kumshangilia. Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Baadaye Ford walitia ndani ya gari lililofuata fremu ya mabomba ya chuma ya kumkinga dereva, na mwaka 1967 Mario Andretti alipopata ajali kubwa Le Mans akiwa na gari la aina hiyo, alitoka hai.

BARABARA YA UMMA

Wako waliojaribu barabarani bila ya kufunga njia. Mwezi Juni, 1964, kampuni ya AC ya Uingereza ilipeleka gari lake la Cobra katika barabara kuu ya M1 alfajiri, kulipima kabla ya Le Mans. Jack Sears alifika maili 185 kwa saa, karibu kilomita 298. Halikuwa kosa la sheria, kwa maana barabara hizo hazikuwa na kikomo wakati huo. Hakuumia mtu. Lakini magazeti yalipopata habari, nchi ilipiga kelele. Kikomo cha maili 70 kiliwekwa mwezi Desemba, 1965. Wengine wanasema Cobra ndiyo iliyokileta, wengine wanasema ni ajali za ukungu. Vyovyote iwavyo, watu waliuliza swali la haki: huyo aliyekuwa akienda kazini kwake alfajiri, nani alimwomba ruhusa?

Hata uongo umo katika jambo hili. Mwezi Oktoba, 2020, kampuni ya SSC ya Marekani ilitangaza kwamba gari lake, Tuatara, lilipita maili 300 kwa saa. Watazamaji wakaichukua picha ya sinema, wakapima masafa ya alama za barabarani na muda, wakaona hesabu hailingani. Mwaka 2021 kampuni ikakiri kwamba mwendo huo haukufikiwa siku ile. Ikiwa kampuni yenye vyombo vyote inaweza kukosea mizani, saa ya gari la jirani yako itasema nini? Saa nyingi za magari huongeza kidogo juu ya mwendo wa kweli. Kijana aliyehatarisha roho kwa ajili ya 200, huenda hata hakufika 190.

TUJITAZAME

Kwetu sheria inasema gari la mtu binafsi lisizidi kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, na 50 mjini. Matatu zilifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 tangu kanuni za mwaka 2004. Hata hivyo, siku za Idi tunawaona vijana wamekodi gari wanne au watano, kanzu bado mpya, wakaelekea njia ya Malindi au ya Nairobi kuona "linafika ngapi". Njia hiyo ina malori, ina mbuzi, ina mashimo, na ina watoto wanaovuka wakitoka chuoni na misahafu yao. Haikufungwa na mtu, wala hakuna gari la wagonjwa linalongoja kando.

Tazameni basi tofauti. Sutton, Dewis na Wallace, ambao mbio zilikuwa riziki yao, hawakuona haya kungoja upepo utulie, kufunga barabara, kukagua tairi na kupanda pole pole. Aogopaye ni yule anayejua. Mpenda magari anayetaka kulijua gari lake na alipeleke katika uwanja uliofungwa, lililokaguliwa, akiwa amevaa kofia ngumu na mkanda, mbele ya wajuzi. Huo ni mchezo, na hatuna ugomvi na mchezo.

Lakini roho ni amana, na ya jirani ni amana zaidi. Wazee mnaokabidhi funguo siku ya sikukuu, msimwambie kijana "nenda salama" peke yake. Mwulizeni anakwenda wapi, na nani, na arudi saa ngapi. Kisha kabla hajaondoka, tokeni nje mzitazame tairi.