Mamba au mambo? Herufi za bikari kwenye kibao

Andika Ngarambe na Mohoro kwa herufi ndogo za Century Gothic, fonti iliyotoka mwaka 1991 na inayopatikana kwenye kompyuta nyingi zenye Microsoft Office. Bandika karatasi ukutani, kisha rudi nyuma hatua kumi. Aliyesoma historia ya Majimaji anayajua majina hayo: Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro mwaka 1905. Mohoro litakukodolea macho matatu ya mviringo. Kwenye Ngarambe utaanza kusitasita: ile ni a au o?

Fonti za aina hii huitwa za kijiometri, kwa kuwa zinaonekana kana kwamba zimechorwa kwa bikari na rula. Herufi o ni duara, unene wa mistari haubadilikibadiliki, na ncha hazina vile vikia vya herufi za vitabuni. Maarufu kuliko zote ni Futura ya Mjerumani Paul Renner, iliyotolewa na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt mwaka 1927. Hata kibao ambacho wanaanga wa Apollo 11 walikiacha mwezini mwaka 1969 kimeandikwa kwa Futura.

Hata hivyo, bikari peke yake haitoshi. Chora H, na pembeni yake duara la kimo kilekile. Jicho litaliona duara ni dogo. Ndiyo maana mbunifu huiacha O ivuke mstari kidogo, juu na chini. Mstari wa kulala huupunguza unene, kwani ukilingana na wa kusimama huonekana mzito zaidi.

Kwetu kuna la ziada. Kiswahili kimejaa a, na katika nyingi ya fonti hizi a ni duara lenye kijiti ubavuni, kama anavyoiandika mtoto wa darasa la kwanza. Kijiti kikifutika, imebaki o. Fikiria kibao cha kando ya mto Rufiji: “Hatari! Kuna mamba.” Jua likishaipausha rangi, mpita njia atasoma kwamba kuna mambo. Huko pwani nako, kasa atageuka kosa. Neno Ilala nalo huanza kwa vijiti viwili visivyotofautiana.

Kwa hiyo, zitumie kwa maneno machache na makubwa: jina la shule, kichwa cha bango, mlango wa ofisi. NGARAMBE kwa herufi kubwa halina utata. Sheria ndogo za kijiji au maelezo ya dawa yaandikwe kwa fonti nyingine. Ukiipenda sura hii hata kwa herufi ndogo, ipo Montserrat, ambayo Julieta Ulanovsky aliibuni akitazama vibao vya zamani vya mtaa wake huko Buenos Aires. A yake ina kichwa kilichopinda, haifanani na o.

Kabla ya kulipia kibao, chapa nakala moja, itundike nje, umwite mtu asiyejua kilichoandikwa. Akisoma “mambo”, badilisha fonti.