Kabla ya siasa, Kawawa alikuwa staa wa filamu

Ukipita Taru kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, huenda ukaona vijana watatu chini ya mti, simu imeegemezwa kwenye mtungi wa maji, wanarekodi klipu ya vichekesho. Mmoja wao ni mimi. Chuo niliacha, karo ilinishinda. Kila jioni mama huniuliza, "Mwanangu, kuchekesha watu kutakulisha lini?"

Sasa skiza hii. Rashidi Kawawa unamjua kama mwanasiasa wa Tanzania, mtu wa karibu wa Nyerere. Lakini mapema miaka ya 1950 jamaa alikuwa mwigizaji! Akiwa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni, alicheza katika Muhogo Mchungu, moja ya filamu za kwanza za hadithi kwa Kiswahili huko Tanganyika. Kampuni ya Afrika Kusini ilizitengeneza kwa ushirikiano na serikali.

Usidhani mkoloni alitaka tu watu wacheke. Filamu zile zilibeba somo, hasa kuhusu maisha ya mjini na ya shamba. Kamera yake, pesa zake, ujumbe wake.

Lakini Kawawa hakubaki mdomo wa mkoloni. Mwaka wa 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu, akachukua uwaziri mkuu akiwa na miaka 35. Alifariki Desemba 31, 2009. Binafsi naamini mtu aliyezoea kusimama mbele ya kamera hatetemeki mbele ya umati.

Sikwambii eti ukiigiza utakuwa waziri mkuu. Nakwambia hivi kwa sababu juzi mheshimiwa mtarajiwa mmoja alituma mtu kwetu. Anataka klipu ya kumsifu, na ndani yake tumtukane mpinzani wake. Pesa zenyewe ni unga wa wiki mbili, na wewe unajua njaa ya huku mvua ikikosa. Tulizozana mpaka giza likaingia.

Mwishowe tukamjibu: kukusifu kwa uliyofanya, sawa, tuonyeshe tukarekodi. Matusi hatusemi. Mpaka leo hajarudi.

Mama alipika muhogo usiku huo, akacheka tu. Nawe unayerekodi huko Ukunda, Likoni au Kayole, kazi ya mtu unaweza kuifanya. Lakini kabla hujabonyeza kurekodi, uliza: haya maneno ni ya nani?