Kabla ya Kuweka PIN, Soma Nambari za Tairi la Pikipiki Yako

Ukifika Kirinyaga Road, Nairobi, na pikipiki ndogo ya spoti, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba tairi lako la nyuma ni jembamba. "Boss, tuweke 140, itakaa poa." Bei inatajwa, nambari ya till inatolewa, na simu iko mkononi tayari.

Ngoja kidogo. Tairi likishavishwa kwenye rimu na kuzunguka barabarani, maduka mengi hayalichukui tena. Kwa upande wetu pia, kurudisha pesa ni kwa ajili ya muamala uliokosewa, kwa mfano ukituma kwa nambari isiyo sahihi. Tairi lisilotoshea si muamala uliokosewa. Pesa zilienda pale ulipotaka ziende, na sasa muuzaji ndiye ataamua kama atakurudishia. Ndiyo maana tunasema kazi yote ifanywe kabla ya PIN.

Nambari zinasema nini?

Tuchukue Bajaj Pulsar NS200, pikipiki inayojulikana hapa kwetu. Mbele inakuja na tairi la 100/80-17, nyuma 130/70-17. Tusome hilo la nyuma:

- 130 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 70 ni urefu wa ubavu wake, yaani asilimia 70 ya huo upana. Hapa ni milimita 91.
- 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa angalia matairi ya 3.00-17 yanayovaliwa na boda nyingi. Hayo pia ni ya inchi 17, lakini upana wake ni inchi 3 tu. Kwa hivyo ukimpigia muuzaji simu na kusema "nitumie la 17," bado hujamwambia kitu. Taja nambari zote tatu, na useme kama ni la mbele au la nyuma.

Ukiongeza upana, nini kinabadilika?

Watu hudhani 140/70-17 ni tairi lile lile lililonenepa kidogo. Sivyo. Asilimia 70 ya 140 ni milimita 98, kwa hivyo ubavu umepanda kwa milimita 7 juu na 7 chini. Gurudumu zima limekua kwa milimita 14, na kila likizunguka mara moja linasonga karibu milimita 44 zaidi ya lile la kwanza.

Hiyo ni tofauti ya zaidi ya asilimia 2. Pikipiki itahisi nzito kidogo ikianza kuondoka. Na kama mita yako inasoma mwendo kutoka gurudumu la nyuma, ikionyesha 100, utakuwa unaenda karibu 102 ukilinganisha na zamani. Kubwa zaidi, nafasi kati ya tairi na cheni, madigadi na mkono unaoshika gurudumu inapungua. Tairi likigusa kimoja kati ya hivyo ukiwa kwenye mwendo, hapo si hasara ya pesa tena.

Je, 150/60-17? Ubavu wake ni milimita 90, kwa hivyo urefu wa gurudumu unabaki karibu sawa na wa 130/70. Lakini upana umeongezeka kwa milimita 20, na rimu ni ile ile. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa pande zote mbili, likawa la mviringo kupita lilivyokusudiwa. Unalipia upana ambao haufiki chini kwenye lami, na pikipiki inakuwa ngumu kulaza kwenye kona.

Kwa hivyo kabla ya kubadilisha saizi, angalia upana wa rimu. Mara nyingi umechapwa kwenye rimu yenyewe, kwa mfano 17 x MT3.50, maana yake inchi 3.5. Kila kampuni ya matairi hutaja upana wa rimu ambao tairi lake linakubali. Kama rimu yako haimo, usilipe. Na ukikosa uhakika, rudi kwenye saizi ya kiwanda. Iko kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye stika iliyobandikwa karibu na cheni, pamoja na presha.

Nambari mbili zaidi

Baada ya saizi utaona kitu kama 62P. Nambari 62 inamaanisha tairi linabeba hadi kilo 265, na P inamaanisha mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Lisiwe chini ya lile la kiwanda, hasa kama unabeba abiria.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi linaweza kung'aa dukani na bado liwe limekaa stoo miaka mingi, mpira umeanza kukauka.

Ukiwa tayari kulipa

1. Piga picha ubavu wa tairi la zamani na ile stika. Mtumie muuzaji, naye akujibu kwa maandishi: saizi kamili na bei.
2. Soma tairi jipya mwenyewe kabla fundi hajalivisha.
3. Lipa kwa till au paybill ya duka. Jina likitokea kwenye skrini, lilingane na la duka. Ukiambiwa "tuma kwa hii nambari yangu tu," uliza kwa nini.
4. Omba risiti yenye saizi, si "tairi 1" peke yake. Ujumbe wa malipo usiufute. Unaonyesha ulilipa nani, lini na pesa ngapi, lakini hauonyeshi ulinunua nini. Risiti ndiyo inayosema.
5. Kama unaagiza kutoka mbali, tuseme uko Kakamega na tairi linakuja kwa basi, omba video ya tairi lenyewe, ubavu na tarehe vikionekana. Usitume pesa zote kwa mtu usiyemjua. Kubaliana naye ulipe mzigo ukifika na ukishausoma.

Fundi mzuri hatakasirika ukichukua dakika tano kusoma nambari. Anayekuharakisha ulipe kwanza ndiye wa kuogopa. Weka simu mfukoni, chuchumaa kando ya gurudumu, soma. PIN itangoja.