Mvua, Mlingoti na Tundu la Sitaha

Mji wa Tabora uko kiasi cha kilomita 840 za reli kutoka Dar es Salaam, na mwanafunzi anayesoma huko aweza kudhani kwamba elimu ya vyombo vya tanga haimhusu. Hata hivyo, neno mlingoti halimwii geni. Upo mlingoti wa bendera mbele ya shule, na upo mlingoti wa antena uliotobolewa juu ya paa la bati. Mvua za Novemba zinapoanza, maji hudondoka ndani ya nyumba pale hasa ulipopita mlingoti huo. Baharia naye hupatwa na taabu ile ile: mvua hunyesha, na maji humdondokea kitandani kutoka pale mlingoti unapopenya sitaha. Chanzo ni kimoja na dawa ni moja. Makala haya yanaeleza chanzo hicho na dawa hiyo.

Vyombo katika njia ya misafara

Njia ya zamani ya misafara ilianzia pwani, ikapitia Ugogo na Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaishia Ujiji katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 670 hivi. Aliyefika Ujiji na kutaka kuendelea mbele alihitaji mtumbwi au chombo cha tanga.

Mwaka 1878 aliwasili Ujiji Edward Coode Hore, baharia Mwingereza aliyetumwa na wamisionari wa London. Alianza kwa kulipima ziwa katika chombo cha mbao alichokiita Calabash. Mwaka 1883 mashua ya chuma iitwayo Morning Star ilifika ziwani vipande vipande, ikiwa imepitishwa nchi kavu kutoka pwani kwa nguvu za wapagazi. Mwaka 1885 mkewe, Annie, na mtoto wao mdogo, Jack, walifika Ujiji, na jamaa hiyo ikafanya makazi katika kisiwa cha Kavala, ambako kila safari ilikuwa ya chombo. Siku hizi pia zipo jamaa zinazoishi katika mashua za tanga na kutia nanga Kilifi, Tanga au Zanzibar.

Katika jahazi la wazi, maji ya mvua huingia ngamani na kukumbwa kwa ndoo; suala la kuvuja kwenye mlingoti halina uzito mkubwa. Bali katika chombo chenye sitaha na chumba cha kulala, tundu la mlingoti huwa ndilo mahali pa udhaifu.

Hatari yenyewe si godoro kulowa tu. Mbao zenye unyevu usiofika sehemu 20 kwa mia haziozi, kwa sababu kuvu huhitaji maji ili wakue. Maji yanayoteremka na kutuama kwenye mguu wa mlingoti huupitisha mti kiwango hicho. Chumvi ya bahari huwazuia kuvu kwa kiasi fulani, lakini mvua ni maji baridi, na maji ya Ziwa Tanganyika nayo ni baridi vilevile. Mlingoti huoza kwa ndani, mahali pasipoonekana, hadi siku ya dhoruba unapovunjika ukiwa na watu chini yake.

Mlingoti ni mfereji

Watu wengi hudhani kwamba maji yanayopenya ni yale tu yaliyoanguka juu ya sitaha karibu na tundu. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha kosa hilo.

Tuseme mlingoti una urefu wa mita 9 juu ya sitaha na kipenyo cha sentimita 15. Ukitazamwa kutoka upande, eneo lake ni mita 9 mara mita 0.15, yaani mita za mraba 1.35. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi ikinyesha mvua ya milimita 20 pamoja na upepo, matone yakaja kwa mshazari wa digrii 45, mlingoti utapigwa na lita 27 za maji. Baadhi yatarushwa na upepo, lakini mengi yatateremka hadi kwenye tundu. Hiyo ni zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kwa manyunyu ya saa moja tu.

Jinsi maji yanavyopenya

Maji hupenya kwa njia tatu. Ya kwanza ni uzito wake: penye uwazi, maji huteremka. Ya pili ni msukumo wa upepo, ambao huyasukuma maji hata penye mwinuko mdogo.

Ya tatu husahauliwa mno, nayo ni kapilari. Maji hushikamana na mti, kioo na chuma, na uso wake hujivuta kama ngozi iliyowambwa. Kati ya nyuso mbili zilizokaribiana, mvutano huo huyapandisha maji juu. Ufa wenye upana wa milimita 1 waweza kuyapandisha maji safi kiasi cha sentimita 1.5. Ufa wa sehemu ya kumi ya milimita waweza kuyapandisha kiasi cha sentimita 15. Hivyo ufa mwembamba usioonekana kwa macho huyavuta maji kwa nguvu zaidi kuliko ufa mpana, na huyashika muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kubana vitu viwili kwa nguvu hadi vikaribie kugusana hakuzuii maji. Mara nyingi huyakaribisha.

Kwa nini kuziba hakudumu

Mtu akiona maji, jambo la kwanza analofanya ni kujaza lami, saruji au gundi katika uwazi. Siku chache huwa pakavu, kisha maji hurudi. Sababu ni kwamba vitu viwili vinavyokutana hapo havitembei pamoja.

Mti husinyaa unapokauka na kuvimba unapolowa. Kwa urefu wake badiliko hilo halifiki hata sehemu moja kwa elfu, lakini kwa upana ni kubwa. Unyevu wa mti ukishuka kutoka sehemu 20 kwa mia hadi 10, upana wake waweza kupungua kiasi cha sehemu 2 kwa mia. Mlingoti wa sentimita 15 utapungua milimita 3, yaani milimita 1.5 kila upande. Zaidi ya hayo, upepo huuyumbisha mlingoti, ukasukuma upande mmoja wa tundu na kuachana na upande wa pili.

Sasa tuchukue gundi laini iliyojazwa katika uwazi wa milimita 1. Uwazi ukiongezeka kwa milimita 1.5, gundi italazimika kurefuka kwa sehemu 150 kwa mia. Gundi nyingi zitapasuka au kubanduka, nazo zitaacha ufa mwembamba, yaani ule ule upendwao na kapilari. Lakini kipande cha mpira chenye urefu wa sentimita 10 kikivutwa kwa milimita 1.5, kitarefuka kwa sehemu 1.5 kwa mia tu. Mpira hautahisi kitu. Dawa, basi, haimo katika ugumu wa kizibo wala katika wingi wake, bali katika kuupa mwendo nafasi ya kutosha.

Vazi la mlingoti

Mabaharia waliitambua kanuni hiyo muda mrefu kabla ya hesabu zake kuandikwa. Waligawa kazi mbili ambazo fundi asiye na uzoefu huzichanganya: kuushika mlingoti na kuyazuia maji. Kazi ya kwanza hufanywa na kabari za mti mgumu zinazopigwa kuuzunguka mlingoti katika tundu. Kazi ya pili hufanywa na vazi la turubai lililopakwa lami, au mpira, lililolegea kidogo. Mpira wa ndani wa gurudumu la gari wafaa sana.

Utengenezaji wake hufuata hatua hizi:

1. Lami na gundi ya zamani huondolewa yote, na mti huachwa ukauke.

2. Ukingo wa mti wenye kimo cha sentimita 3 hadi 5 hujengwa kulizunguka tundu na kukazwa juu ya sitaha, ili maji yanayotembea sitahani yasilifikie.

3. Vazi huzungushiwa mlingoti likiwa juu chini, sehemu yake kubwa ikielekea juu, na upande wa ndani ukiwa nje. Ncha ya chini hufungwa kwa kamba iliyokazwa sana.

4. Vazi hupinduliwa kuelekea chini, likaifunika kamba ile na kuushukia ukingo. Kwa namna hii maji yanayoteremka hupita juu ya mkunjo bila kukutana na kamba.

5. Ncha ya chini hufungwa kwa nje ya ukingo, vazi likiachwa na ulegevu kidogo.

6. Kitambaa kingine hufunika vazi la mpira, kwa kuwa jua huukausha mpira na kuupasua.

Ikiwa mlingoti ni wa alumini na una uwazi ndani, lipo jambo la kuangalia. Maji huingia kwa juu kupitia matundu ya kamba, yakateremka ndani kwa ndani hadi mguuni. Hakuna vazi la nje litakaloyazuia. Hapo hutobolewa tundu dogo karibu na mguu, ili maji yatoke na kuongozwa hadi ngamani.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza, hapana budi kutafuta chanzo. Mtu mmoja hukaa chini na taa. Wa pili humwaga maji, kwanza juu ya sitaha pekee, akingoja dakika kumi. Maji yasipoonekana, humwaga juu kidogo ya vazi. Yasipoonekana tena, humwaga juu zaidi, kwenye matundu ya kamba. Kila mara hubadilishwa jambo moja tu. Huo ni utaratibu ule ule wa maabara ya shule: anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja hajui ni lipi lililoleta matokeo.

Kurudi Tabora

Wajenzi wa matembe waliujua mwendo wa vitu. Mfano wa jengo la namna hiyo uko Kwihara, karibu na Tabora, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Paa la tembe ni la udongo uliotandazwa juu ya miti. Udongo wa mfinyanzi husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza hupata njia katika nyufa hizo. Ndiyo maana paa la udongo hutakiwa kukandikwa kabla ya masika, si baada yake.

Bati nalo hutembea. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, likipata joto kutoka digrii 20 alfajiri hadi digrii 60 adhuhuri, hurefuka kwa milimita 1.4. Mlingoti wa antena, au bomba la kutolea hewa chooni, haufuati mwendo huo. Saruji iliyopakwa pale hupasuka baada ya siku chache za jua. Mpira wa ndani wa gurudumu, uliofungwa juu kwa waya na kupinduliwa kama vazi la mlingoti, utadumu zaidi na gharama yake ni ndogo. Wanafunzi waweza kuutengeneza wenyewe kabla mvua hazijaharibu vitabu na dari.

Jaribio la darasani

Chukua vipande viwili vya kioo safi. Vipange uso kwa uso, weka njiti ya kiberiti kati yake kwenye ukingo mmoja wa wima, na uvifunge kwa mpira. Visimamishe katika sahani yenye maji yaliyotiwa rangi. Maji yatapanda kidogo upande wa njiti na yatapanda sana upande ambao vioo vinagusana. Pima upana wa uwazi na kimo cha maji mahali patano, kisha zidisha vipimo hivyo viwili kila mahali. Majibu yatakaribiana.

Mwalimu na awaulize wanafunzi: kama maji yanapanda hivi katika kioo kisafi, yatafanya nini katika ufa wa lami iliyopasuka?