MTEJA AKISEMA "MASHINE YA BOTI INAKATA MAFUTA", USIKIMBILIE KUMUUZIA KABURETA

Hii ni kwa nyie mnaouza spea za mashine za boti mtandaoni, mnaochukua mzigo Kariakoo na Gerezani na kutuma Kigamboni, Bagamoyo, Kilwa hadi Mafia.

Meseji huwa ni ileile: "Kaka, una kabureta ya Yamaha 40?" Wewe unajibu ipo, unataja bei, hela inaingia, mzigo unapanda basi. Baada ya siku mbili anarudi: "Kaka, nimefunga lakini tatizo lipo palepale." Sasa kabureta imeshafungwa, imeshanuka petroli, huwezi kuiuza kama mpya. Yeye nauli imekwenda, siku za bahari zimekwenda. Mnaanza kugombana, na kosa kumbe lilikuwa kwenye mpira wa mafuta.

Badala ya "ipo", anza na swali: "Ipo kaka. Ila kabla hujatuma hela, niambie mashine inafanyaje?" Halafu fuata maswali haya.

1. INAZIMAJE?
Ikizima ghafla kama umezima taa, mara nyingi shida ni umeme: plagi, koili au waya. Ikianza kupungua nguvu, inakohoa, inajivuta kisha inakufa, hapo shuku mafuta.

2. INAZIMA BAADA YA DAKIKA NGAPI?
Ikiwaka vizuri halafu inakufa baada ya dakika chache, mwambie aangalie tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki. Likifungwa au likiziba chumvi, hewa haiingii, na mafuta yakipungua tanki linavuta kwa ndani na kugoma kutoa. Afungue kifuniko kidogo aone. Ikikaa sawa, hajahitaji spea yoyote. Umekosa mauzo ya leo, lakini huyo mteja haendi tena kwa mwingine.

3. KIPIRA CHA KUBINYA KINAKUWAJE?
Kile kipira cha katikati ya mpira wa mafuta kinasema mengi. Kwanza, mshale wake uelekee kwenye mashine. Wapo wanaokifunga kinyume. Halafu abinye akiwa amekiinua, mshale ukitazama juu.
- Kikikaza: mafuta yanafika kwenye mashine.
- Kikibaki laini muda wote: kuna sehemu inavuta hewa, au vali za ndani ya kipira zimekufa. Akague klipu, nyufa za mpira na oringi ya kichwa kinachochomekwa kwenye mashine au tanki.
- Kikinywea na kuwa bapa mashine ikiwa inawaka: njia imeziba kabla ya kipira, yaani tundu la hewa au kichujio cha ndani ya tanki.
- Kikikaza halafu petroli ikaanza kutiririka kwenye kabureta: sindano au boya la kabureta limekwama.

4. AKIBINYA KIPIRA WAKATI INAKUFA, INARUDI?
Hili ni swali zuri kuliko yote. Ikirudi kwenye nguvu kila anapobinya, mkono wake unafanya kazi ya pampu. Hapo kuna mpira unaovuta hewa, au dayaframu ya pampu ya mafuta imechoka au kutoboka. Kama mpira ni mzima, muuzie dayaframu na gasketi zake. Ni kipande kidogo, bei yake haifiki hata karibu na ya kabureta.

5. AKIVUTA CHOKI INAPATA NAFUU?
Ikipata nafuu, inapata mafuta kidogo kuliko hewa. Kama kipira na pampu viko sawa, jeti za kabureta zimeziba. Hutokea sana kwa mashine iliyolala muda mrefu, mfano msimu wa kusi: petroli ya zamani inaacha utando unaonata kwenye vitundu. Fundi asafishe kwanza, asitumie waya mgumu maana unapanua tundu la jeti. Mara nyingi kinachohitajika ni seti ya kufanyia sevisi, sio kabureta nzima.

6. MAFUTA YENYEWE YAKOJE?
Achote kidogo kutoka chini ya tanki, aweke kwenye chupa ya kioo, aache itulie. Maji yatakaa chini, mafuta juu. Akiona mstari huo, tanki lote limwagwe na lisafishwe, vinginevyo spea yoyote utakayomuuzia itaonekana feki. Kuchakachua nako kupo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya tatizo hilohilo. Ananunua kituoni, au kwenye madumu ya pwani? Muulize.

KWA NINI USILICHUKULIE POA
Hizi mashine za zamani za kuchanganya zinapata oili kupitia petroli yenyewe. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinachukua oili mililita 400 (uwiano sahihi uko kwenye kitabu cha mashine). Mafuta yakipungua njiani, oili nayo inapungua. Joto linapanda, pistoni inakwangua, mashine inanoki. Na ikinokia katikati ya mkondo, nahodha na watu wake wanasukumwa na upepo bila namna ya kurudi. Kipande cha mpira kinaweza kugharimu mashine nzima.

KABLA YA KUTUMA MZIGO
- Omba picha ya kibati cha modeli kwenye mashine. "Yamaha 40" haitoshi, zipo modeli tofauti za 40. Spea nyingi za E40X, kwa mfano, pati namba zake zinaanza na 66T. EK40 yenyewe ni ya mafuta ya taa.
- Omba picha ya spea ya zamani ikiwa pembeni ya rula.
- Mpira wa mafuta uza ule wa petroli, wenye kipimo sahihi cha ndani. Mpira wa maji unakakamaa, unapasuka na kuvuta hewa.
- Andika wazi kama ni originali au kopi. Kopi sio dhambi, kudanganya ndo dhambi.
- Mkumbushe: kazi ya petroli ifanyike penye hewa, bila sigara, na mashine isiwashwe nje ya maji.

Ukishapata majibu, mjibu hivi: "Kaka, kwa ulivyonieleza hiyo ni dayaframu, sio kabureta. Anza na hii." Oda hiyo ni ndogo, ila pale ufukweni watu wanaulizana spea wametoa wapi, na jina litakalotajwa ni lako.

Hifadhi posti hii, na maswali sita yaweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business yako.