Joginder Singh (dereva)

Joginder Singh (Kericho, Kenya, 9 Februari 1932 – London, Uingereza, 20 Oktoba 2013) alikuwa dereva wa mbio za magari, makanika na mfanyabiashara wa gereji kutoka nchini Kenya. Alishinda mbio za Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Wakenya walimwita "Simba wa Kenya", na magazeti ya Kiingereza yalimpa jina lenye maana ya "Singasinga anayeruka". Alikuwa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda mbio hizo, na pia wa kwanza kuzishinda mara tatu.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kalasinga huko Kericho, eneo la mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Baba yake alitoka Punjab, nchini India, akaishi kwa kazi ya kutengeneza magari, na Joginder alijifunza ufundi katika gereji ya familia. Baadaye alifanya kazi ya fundi wa doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki: alisafiri barabarani na vifaa vyake, akiwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani. Ni vigumu kufikiria shule bora zaidi kwa mtu ambaye angekuja kushindana katika Safari. Alizijua barabara zenyewe, na alijua ni kitu gani hasa huvunjika kwenye gari linalopita juu yake.

Mbio za Safari

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa kawaida zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani msimu wa masika. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa: dereva aliweza kukutana na lori, ng'ombe au twiga. Magari hayakuanza pamoja, bali yaliachana kwa dakika chache. Kila gari lilipewa muda wa kufika kwenye kila kituo cha ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mshindi alikuwa yule mwenye adhabu chache zaidi. Mwendo wa kasi pekee haukutosha, kwa sababu magari mengi hayakufika mwisho kabisa. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90 na yakamaliza saba tu; Joginder, akiendesha Datsun, alikuwa mmoja wa hao saba.

Ushindi wa 1965

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Wakati huo alikuwa dereva wa ridhaa: riziki yake ilitoka gerejini, na mbio zilikuwa gharama, si mshahara. Mwaka 1965 alishindana na gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Timu ya kiwanda ilikuwa imelileta Afrika Mashariki kwa mbio za mwaka uliotangulia, na lilikuwa limetembea makumi ya maelfu ya kilomita kabla ya kufika mikononi mwake. Alilitengeneza upya, akamchukua ndugu yake Jaswant kuwa msoma ramani.

Walipata namba 1, maana yake waliondoka wa kwanza. Nafasi hiyo ina faida, kwa sababu hakuna vumbi la mtu mwingine mbele. Lakini katika matope, gari la kwanza ndilo linalogundua mashimo kwa niaba ya wenzake. Ndugu hao wawili walimaliza wa kwanza, mbali sana mbele ya gari lililofuata la Peugeot 404. Timu zilizoungwa mkono na viwanda vya Ulaya zilishindwa na gari kuukuu la fundi wa gereji. Ushindi huo ulikuja chini ya miaka miwili baada ya uhuru wa Kenya, nao ulimfanya Joginder kuwa shujaa hata kwa watu wasiokuwa na gari.

Dereva wa kulipwa

Baada ya hapo viwanda vilianza kumtafuta. Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili akiwa na Datsun. Hata hivyo jina lake linakumbukwa zaidi pamoja na Mitsubishi, kampuni ya Japani iliyokuwa bado inajulikana kidogo katika mbio za dunia. Mwaka 1974, pamoja na msoma ramani David Doig, aliendesha Lancer 1600 GSR, gari dogo lenye nguvu ndogo kuliko Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Uswidi. Waldegård alipata hitilafu ya gari, akamaliza wa pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika Mashindano ya Dunia ya Rally. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na magari ya Lancer yakachukua nafasi zote tatu za kwanza, nyuma yao wakiwemo Robin Ulyate na Andrew Cowan.

Ushindi huo wa mara mbili haukumpa taji lolote la dunia, kwa kuwa wakati huo ubingwa ulikuwa wa viwanda tu. Taji la madereva lilianzishwa mwaka 1979.

Kati ya 1959 na 1980 alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Takwimu hii pengine inamweleza vizuri kuliko vikombe vyake vitatu, hasa ikilinganishwa na mwaka kama ule wa 1968. Idadi yake ya ushindi ilipitwa baadaye na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Miaka ya mwisho

Katika miaka yake yote ya mashindano Joginder hakuacha biashara ya magari. Baadaye alihamia Uingereza, akafariki London akiwa na umri wa miaka 81.